Msalaba wa Picha

Watu huniletea picha ya harusi na kuniomba nimtoe bwana harusi. Wengine huleta picha ya ubatizo, ya chama, ya mahafali ya mtoto wa jirani. Huweka kidole juu ya uso mmoja kati ya nyuso nyingi na kusema, "Mtoe hapa." Nami namtoa. Nikikuta alipigwa akiwa amevaa sweta ya kukamulia ng'ombe, namvisha suti kwa kompyuta, na tai nyekundu kama familia inapenda. Kisha namkuza, namtia kwenye fremu, na siku ya mazishi mjukuu wake huibeba ile fremu mbele ya jeneza. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Nyeri mjini. Harusi napiga pia, lakini harusi huahirishwa.

Kazi hii imenifunza jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Picha nzuri ya mtu peke yake, akiitazama kamera, mwanga ukiwa shavuni, haikai bure. Siku moja itakuja kuitwa. Nimewapiga vijana wakicheka hadi ufizi, na kabla picha haijapata vumbi ukutani mama zao wamerudi kuniomba niikuze. Najua ni ushirikina, tena nimesali kuhusu jambo hilo. Hata hivyo, mdogo wangu Kinyua sikuwahi kumpiga picha akiwa peke yake, sembuse tangu arudishwe.

Nasema arudishwe kwa sababu alichukuliwa. Wakati wa maandamano, watu tusiowajua walimnyakua mbele ya kibanda cha chipsi kule Nanyuki, wakamtia ndani ya gari lisilo na namba. Akaja kutupwa kando ya barabara baada ya siku ambazo mama yetu hataki zihesabiwe. Hakutuambia alikokuwa. Alirudi na tabia mbili mpya: kulala taa ikiwaka, na kupokea simu kwa neno moja tu, "Niko." Yaliyobaki yote aliyatia kwenye muziki.

Muziki wenyewe ni panki. Kwa sikio langu ni mabati yanayoangushwa ngazini, na katikati ya mabati hayo mtu anadai haki yake. Kundi lao linaitwa Kutu. Kinyua anaimba na kupiga gitaa, na Junaid, kijana wa mtaa wa Majengo hapa Nyeri, anapiga ngoma. Walifanya mazoezi katika stoo ya gereji Nanyuki hadi panya wakahama. Kisha jarida moja la panki la Nairobi, liitwalo Makelele, likawaandikia: tunawataka kwenye jalada. Mhariri wake, Lynn, akauliza kama wanamjua mpiga picha huko mlimani. Wakanitaja mimi.

Walikuja studio kwangu kupanga. Kinyua alikaa kwenye kiti cha wateja, kile kinachokaliwa na wafiwa, akanyoosha miguu.

"Ni hivi, Watiri," akasema. "Nataka jeneza. Nataka msalaba, jina yangu iandikwe juu yake. Alafu mimi nasimama kando nimeshika portrait yangu, kama ile ya matanga."

"Portrait gani? Hauna."

"Si utanipiga."

Nilijifanya natafuta kitambaa cha kufuta lenzi. Junaid alikuwa akigonga meza kwa vidole viwili, taratibu, naye akaacha.

"Hao watu walikuwa wanataka kunizika bila jina," Kinyua akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi. "Sasa mimi najizika na jina. Na bado nimesimama. Hiyo ndio cover."

Ningeweza kukataa. Lakini nilimtazama usoni na kuona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu arudi: alikuwa anataka jambo. Mtu aliyeamka miezi yote ile bila kutaka hata chai sasa alikuwa anataka jambo. Nikajiuliza nina haki gani ya kumnyima kwa sababu ya ushirikina wangu.

"Jeneza, hapana," nikasema. "Nikikuona karibu na jeneza mkono yangu itatetemeka, na picha itatoka mbaya. Msalaba, sawa."

"Msalaba ni sawa," akasema upesi, akijua amepata alichotaka.

"Na Maitu asijue," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama.

"Maitu hatajua. Hasomangi Makelele."

Tulicheka, tukapanga. Tungepigia picha katika kiwanda cha zamani cha kahawa huko Tetu, bondeni chini ya shamba la mama, ambako mabati yameiva kutu na matangi ya kuoshea kahawa yamekauka. Ingekuwa Jumamosi asubuhi. Kinyua angetoka Nanyuki mapema, apitie studio nimpige ile picha ya fremu, kisha tuupitie msalaba Majengo na kushuka pamoja. Junaid angeshughulikia msalaba, kwa kuwa mjomba wake Jumaa ni fundi wa kuandika mabango pale Majengo. Jumaa huandika vibanda, huandika magari, na huandika misalaba ya Wakristo vilevile. Husema Mungu anaujua moyo wake na wateja wanaujua mwandiko wake. Niliandaa lenzi, nikachaji betri, nikatazama utabiri wa mvua. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala kama mtu aliyesahau kufunga mlango.

Jumamosi Kinyua hakufika.

Nilimngoja. Nikachemsha chai, nikainywa mwenyewe. Nilipompigia, yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikampigia Junaid, jibu likawa lile lile. Bondeni Tetu mtandao hauingii, nikajiambia, Junaid ametangulia. Lakini Kinyua hakuwa na sababu ya kuwa bondeni. Nilikuwa nimeshika simu bado ilipolia mkononi. Alikuwa Tabby, jirani wa mama na mwenzake wa kwaya.

"Watiri. Uko na nani hapo?"

"Niko pekee yangu, Auntie."

"Keti chini."

Kwetu maneno hayo yana maana moja. Sikuketi. Nilishika ukingo wa meza, nikatazama ukutani, kwenye fremu za marehemu waliokuwa wakingoja kuchukuliwa.

"Pole sana, mama," akasema, na sauti ikamvunjika. "Ati Kinyua. Na alikuwa amerudi, Ngai wangu. Alikuwa amerudi."

"Nani amekwambia?"

"Nimetoka soko nikipitia Majengo. Nimeona msalaba yake kwa macho yangu. Iko hapo nje inakaushwa."

Hewa ikanirudia kifuani. Msalaba! Junaid hakumwambia mjomba wake kwamba ni wa picha, kwa sababu hakutaka ajue kwamba anapiga panki. Alimpa jina tu, na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huu. Na Jumaa, kama fundi mwema, aliusimamisha msalaba barazani upande wa barabara, kwa kuwa hapo ndipo jua la asubuhi huanzia.

"Auntie, hajakufa," nikasema. "Hiyo ni msalaba ya picha. Ni mambo ya muziki yao."

"Picha ya nini? Mtu anaandikwa kwa msalaba ndio apigwe picha?"

"Nitakuelezea."

"Usinielezee. Nipee yeye niongee na yeye."

Sikuwa naye wa kumpa. Hapo ndipo nilipoelewa hali yangu. Ukweli nilikuwa nao wote, na haukunisaidia chochote. Msalaba ulikuwa wa mchezo, lakini kijana aliyeandikwa juu yake hakuwa amefika, na simu yake ilikuwa imezimwa, kama ilivyokuwa imezimwa mara ile ya kwanza.

"Watiri," Tabby akasema, sasa kwa sauti ya chini, "sisi tumeshakutana hapa kwangu. Tunataka kwenda kwa mama yako."

"Msiende! Ningojeni."

"Wengine wameshatangulia."

Kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto kwa simu. Wanawake hukutana kwanza kwa jirani, wakaweka vikapu chini na kujifunga leso, kisha hupanda pamoja kimya. Siku nyingine zote mgeni huanza kuita akiwa bado mbali, akimtania mwenye boma na mbwa wake. Mama anayewaona wanawake wakija kwa mstari kati ya majani chai, bila hata mmoja kuita, hahitaji kuambiwa. Nimepiga picha mazishi mengi na nimesikia akina mama wakisimulia. Wote husema walijulia pale, kwenye ule ukimya.

Nilichukua bodaboda. Kamera ilikuwa begani kwa mazoea tu, nikashukia kwanza Majengo, kwa sababu sikutaka jina lile likae juani hata dakika moja zaidi. Jumaa alikuwa ameketi barazani kwake karibu na msalaba. Huwa hauachi peke yake mpaka rangi ikauke. Anasema si heshima. Aliponiona akasimama, akavua kofia.

"Pole sana, dada yangu. Mungu akupe subira."

"Mzee Jumaa, hakuna mtu amekufa. Hiyo ni ya kupigia picha. Ni Junaid hakukuambia."

Aligeuka polepole akautazama msalaba. Ulikuwa umeandikwa vizuri mno. KINYUA THEURI, herufi nyeusi zenye mikia myembamba, na chini yake ile miaka miwili. Nilikuwa nimeona mamia ya misalaba ya Jumaa, na ndiyo kwanza nione jinsi mwandiko mzuri unavyoweza kutisha.

"Mimi siandikangi mtu hai," akasema. "Miaka yote. Hata mtu akiniletea jina ya mgonjwa akisema daktari amekata tamaa, namwambia ngoja." Alilowesha kidole gumba mdomoni, akakisugua kwenye herufi ya kwanza. Akakitazama kidole. Kilikuwa kisafi.

"Imeshika," akasema.

Aliugeuza msalaba ukatazama ukuta, akaingia ndani kutafuta rangi nyeupe, nami nikapanda tena bodaboda. Njia nzima nilikuwa nikipiga ile namba. Mteja hapatikani. Nilianza kufanya hesabu za kijinga ambazo woga humfundisha mtu. Kama jina limeandikwa jana, na simu imezimwa leo, je, sisi ndio tuliomwita? Mimi ndiye niliyesema msalaba ni sawa. Nilikataa jeneza nikajiona nina busara. Nilitamani kumwambia mwendeshaji asimame nishuke nilie, lakini Tetu ilikuwa mbele na mama alikuwa huko.

Nilipofika, moshi ulikuwa umeshapanda. Wanawake walikuwa wamewasha moto nyuma ya jikoni, sufuria kubwa ya chama ilikuwa mafigani, na wengine walikuwa wakimenya viazi bila kuzungumza. Mmoja alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, wakamfuata. Tabby alikuwa mlangoni ameegemea mkongojo wake, macho mekundu. Mama alikuwa ameketi uani kwenye kibago cha kukamulia, mikono magotini, ndoo ya maziwa kando yake ikiwa bado na povu. Hakuwa analia. Alinitazama usoni, kisha akaitazama kamera begani mwangu.

"Umeniletea yeye," akauliza, "ama umeniletea picha?"

Nilipiga magoti nikamweleza. Nilieleza vibaya, la mwisho likitangulia la kwanza: jarida, muziki, kiwanda, Jumaa, msalaba. Wanawake waliacha kuimba ili wasikie. Nilipomaliza, mama alinyoosha kidole kuelekea simu yangu.

"Basi mpigie."

Nikampigia mbele yao wote, spika ikiwa wazi. Yule mwanamke wa kwenye simu akasema maneno yake kwa upole, mara mbili. Mmoja wa wanawake akarudi kumenya viazi.

"Tutakaa," Tabby akasema. "Akikuja, tutakula hizi viazi na yeye. Asipokuja, tutakuwa tumeshafika."

Hakuna aliyemkemea. Nilikaa chini kwenye nyasi karibu na mama, na kwa mara ya kwanza nikaogopa bila kujificha. Niliogopa gari lisilo na namba, niliogopa barabara ya Nanyuki, niliogopa msalaba ulioshika rangi. Zaidi ya yote niliogopa kwamba kesho watanijia mimi, kama watu wote, wakitaka picha yake akiwa peke yake, na mimi dada yake, mpiga picha, sitakuwa na hata moja. Nitamtoa wapi? Katika picha ya Krismasi, amefumba macho. Katika picha ya shule, nusu ya uso imefichwa na bega la mwenzake. Nilidhani nilikuwa namlinda. Kumbe nilikuwa nimemfuta kidogo kidogo, mimi mwenyewe, kabla ya adui.

Mbwa ndiye aliyeanza. Alibweka upande wa chini, kisha akaacha kubweka na kulialia kama anayemjua mtu. Kutoka bondeni, kati ya majani chai, alitokeza mtu anakimbia. Alikuwa amevaa jaketi jeusi la ngozi lenye misumari mabegani, na uso wake ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, kama chokaa, macho yamezungushiwa weusi.

Wanawake walipiga kelele. Mmoja aliangusha kisu, mwingine akamtaja Yesu, na Tabby, aliyetembea kwa mkongojo tangu Januari, alifika nyuma ya tangi la maji bila mkongojo.

"Maitu!" mzimu ule ulipaza sauti. "Maitu ako wapi?"

Ilikuwa sauti ya Kinyua. Alisimama katikati ya uani akihema, akamwona mama kwenye kibago, akainama akishika magoti yake. Junaid alitokea nyuma yake amebeba bakuli la unga wa ngano.

"Nimeona moshi," Kinyua akasema huku pumzi zikimkata. "Nimesikia akina mama wakiimba. Nikadhani ni wewe, Maitu. Nikadhani ni wewe umekufa."

"Simu yako!" nikamfokea. Nilikuwa nimesimama, sijui saa ngapi. "Simu yako iko wapi, Kinyua?"

"Nimezima. Nikisafiri huwa nazima, ndio wasijue niko wapi." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini huvaa soksi. "Alafu pale karibu na mji nikaona gari haina namba, imeegeshwa tu. Nikashuka mbele, nikapanda gari ingine ya huku bila kupitia kwako. Tumekungoja huko chini. Tukajipaka unga ya picha, tukangoja."

Mama aliinuka. Alimwendea polepole, wala hakumkumbatia. Alichukua ncha ya leso yake, akailowesha kwa mate kama alivyokuwa akifanya tukienda shule, akamshika kidevu, akaanza kumfuta. Unga ulitoka kwa shida. Akaiacha leso, akatumia kiganja, akisugua shavu kwa nguvu, akitafuta ngozi chini ya ule weupe. Alipoipata, aliuacha mkono pale pale, umefunika nusu ya uso wa mwanawe. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, na shavu lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Kinyua alikuwa amefumba jicho moja. Lile jingine lilikuwa linanitazama.

Nikainua kamera. Mkono ulitetemeka, nikauacha utetemeke, nikapiga.

Viazi vililiwa siku ile. Wanawake walimtania Tabby kuhusu mkongojo hadi wakatokwa machozi, na katika kucheka kwao nilisikia kitu kisichokuwa kicheko. Kabla hajaondoka, Kinyua alimwahidi mama kwamba hatazima tena simu akiwa njiani. Mama alimfanya aahidi mara ya pili, mbele ya kwaya. Hatukushuka tena kiwandani.

Jumaa alinipigia siku chache baadaye. Ameupaka msalaba rangi nyeupe, akasema, akaupaka tena, lakini ikikauka jina linarudi, hafifu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Hataki kuuchoma na hataki kuuza. Ameuweka ndani, umetazama ukuta, na anaendelea kupaka.

Picha niliituma Nairobi. Lynn alijibu upesi.

"Watiri, hii ni moto! Tunaiweka cover. Kitu moja tu: unaweza kutoa huo mkono? Tunataka uso wake peke yake."

Niliifungua picha kwenye kompyuta. Ni kazi ninayoijua, naifanya kila wiki. Nikaikuza hadi shavu likajaa kioo chote, nikatafuta mahali pa kuanzia, pale kidole cha mama kinapokutana na ngozi ya Kinyua. Unga ulikuwa umewashika wote wawili. Niliutafuta mpaka huo kwa muda mrefu, kisha nikaondoa mkono kwenye kipanya.

Nikamwandikia Lynn: "Hautoki."

Ilikuwa alasiri, na Kinyua, aliyekuwa amekuja tena kumwona mama, alikuwa barabarani akirudi Nanyuki. Nilichukua simu nikampigia. Ikaita. Ikaita tena, na tena, na ukutani marehemu wangu wakanitazama wote kutoka kwenye fremu zao, wamevaa suti nilizowavisha.

"Niko," akasema.

Nilisikia upepo dirishani mwa gari lake, na mtu akicheka nyuma yake.

"Sawa," nikasema, nikakata.